Mistari Mitatu Haitoshi

Fomu imeniachia mistari mitatu:
*Eleza kwa kifupi jinsi ajali ilivyotokea.*
Kwa kifupi, nilikuwa nimesimama.
Taa za Tazara, nyekundu, saa mbili kasoro asubuhi,
breki ya mkono juu, redio inasoma bei ya nyanya,
lori la kokoto likanijia kwa nyuma
kama mtu anayejibwaga kitini bila kuangalia nani kakaa.

Mistari imekwisha. Naendelea pembezoni.

Bima ya lori ilikufa Desemba.
Dereva wake aliniomba radhi mpaka nikamwonea huruma,
ndiyo maana nimekuja kwenu, kwenye bima kubwa
niliyoilipa kwa miezi ya kula maharage.

Mkadiriaji wenu alifika Gerezani, kwa fundi Altafu.
Bwana Lyatuu: shati limenyooka, kamera shingoni.
Buti lililobonyea hadi kiti cha nyuma
alilipiga picha moja.
Kisha akainama mlangoni, akapitisha kidole kwenye rangi
pale jua lilipolibabua gari lote
isipokuwa umbo la mbili na umbo la saba.
"Hii nini, dada?"
Ishirini na saba, nikasema. Stika. Niliibandua Februari.
Akaandika muda mrefu kuliko nilivyosema.

Basi niieleze na hiyo, maadamu wino upo.
Jumapili ya mwisho wa mwezi tunavuka Kigamboni.
Nyuma ya mikorosho kuna duara la lami
lenye kibali, mhuri na risiti.
Daktari hufika kabla yetu,
gari la zimamoto linajisogeza kivulini.
Bila kofia ngumu huwashi injini.
Mama Sikujua, mshika bendera, anakunusa mdomo kwanza;
akihisi hata dawa ya kikohozi, unarudi kwenu.
Wote tunaelekea upande mmoja.
Hakuna bajaji inayochomoka kushoto,
hakuna mtoto anayefuata mpira.
Misimu minne, sijavunja hata kioo cha pembeni.

Barua yenu ikaja na kipengele cha tisa,
herufi ndogo kama mayai ya chawa:
*mbio, mashindano, majaribio ya mwendo, au matayarisho yake.*
Gari, mmesema, lilibadilishiwa matumizi.
Nikapiga simu. Binti mwenye sauti ya asali akanambia
haraka haraka haina baraka.
Nilikuwa nimesimama, nikamjibu.
Akasema subiri, akaniwekea kinanda.

Namjua kijana mmoja, jina lake nalimeza.
Ijumaa usiku wa manane hushindana barabara ya Bagamoyo,
taa zimezimwa, dau limefungwa kwenye leso.
Alitumbukia mtaroni Tegeta, akaandika kwa kifupi:
*Nilikuwa natoka msibani, nikamkwepa mbuzi.*
Mmemlipa.
Mbuzi hakuhojiwa.

Sijui nina hasira na nani.
Kampuni ni jengo tu, lina lifti na ua la plastiki.
Labda na mimi mwenyewe, niliyejibu haraka
swali la mtu mwenye kalamu.
Mama anasema, "Si ungenyamaza?"
Altafu anasema rangi ya mlango ni elfu themanini:
"Mlango utasahau kabisa, Tunu.
Mwakani wakikuuliza, utaanza upya."

Mwakani mtaniuliza, najua.
*Je, gari hili limewahi kushiriki mbio?*
Vijumba viwili, Ndiyo na Hapana,
na mkono wangu juu yake
kama mguu juu ya klachi.

Jana nilikwenda gereji na pesa ya mkopo.
Altafu alikuwa ameshashika msasa,
ndoo ya maji iko tayari miguuni.
Nikamwambia anyooshe buti.
Mlango auache.

Sahihi: Tunu Mkwavila.
Nimeambatisha karatasi ya pili.